Kabla ya Kopo la Rangi: Kuamua kwa Uhakika Unapokarabati Nyumba Mtwara na Lindi

Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo yakishaingia kwenye akaunti za wakulima, ukarabati wa nyumba nao unaanza. Kuanzia Masasi na Newala hadi Mtwara mjini, kuanzia Ruangwa hadi Lindi, utaona mchanga umemwagwa mbele ya nyumba, madirisha yameng'olewa, makochi yametolewa uani na kufunikwa turubai. Ndani ya nyumba hizo kuna watu wanaokosa usingizi, na fedha ni sababu moja tu. Fundi anauliza: marumaru za rangi gani? Soketi tuweke wapi? Dari ya jipsamu au ya mbao? Sebule ipakwe nini? Kila swali linataka jibu leo, kila jibu lina gharama, na mwenye nyumba anajibu huku roho haijatulia.

Wengi huamini kwamba wanaoamua bila wasiwasi wana kipaji cha kuzaliwa nacho. Sikubaliani. Wapo wenye jicho zuri la mapambo wanaojuta baada ya ukarabati, na wapo wasiojua hata majina ya rangi ambao nyumba zao zimetulia na zinakalika. Kinachowatofautisha ni utaratibu wa kuamua. Mengi tunayodhani ni ya kuchagua, nyumba imekwisha kuyaamua: jua linaingia upande gani, upepo unapita wapi, ukuta umebeba maji kiasi gani, chumba kina upana gani, na watu wangapi hukaa humo siku ya shughuli. Ukiyasoma hayo kwanza, yanayobaki mikononi mwako ni machache, na hayo machache unaweza kuyajaribu kabla ya kuyalipia.

Jua na upepo

Picha za kwenye simu zina faida, lakini jiulize zilipigwa wapi. Nyingi zinazosambaa Instagram na Pinterest ni za nyumba za Ulaya na Marekani, kwenye miji ambako wakati wa baridi jua huchelewa kuchomoza na kuwahi kuzama. Mbunifu wa huko anapoweka kioo ukuta mzima, analitafuta jua. Anapotandika zulia zito na kuweka kochi la kitambaa kinene, anatafuta joto. Ukivihamishia vyote viwili kwenye mitaa yetu kama Chikongola au Rahaleo, umenunua dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Sisi tuko takribani nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 20 Februari. Kati ya tarehe hizo mbili, yaani msimu wa joto na mvua, jua la saa sita linakuwa upande wa kusini wa nyumba, juu sana, kiasi kwamba upenu wa kawaida wa bati unatosha kulizuia. Miezi mingine yote liko upande wa kaskazini, na mwezi Juni linashuka zaidi, hivyo dirisha la kaskazini lenye upenu mfupi hupata jua ndani. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zenye taabu mwaka mzima, maana asubuhi na jioni jua liko chini na upenu hauna msaada. Chumba cha kulala kilichoelekea magharibi kitakuwa na joto saa mbili usiku hata ukikipaka rangi ya barafu.

Hapo uamuzi unabadilika. Kwa chumba hicho, fedha ya kwanza iende nje ya dirisha: kibaraza, kivuli cha mti, jalousi za mbao (vibao vya dirisha vinavyopitisha hewa na kuzuia jua), au hata chiki ya mianzi inayoning'inia. Kivuli cha nje kinafanya kazi kuliko pazia, kwa sababu pazia hulipokea joto likiwa limeshavuka kioo. Rangi ya ndani ifuate baadaye.

Upepo nao una kalenda yake, na wenyeji wa pwani wanaijua bila kuandikiwa. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, kuanzia karibu Mei hadi Septemba. Kaskazi hushika kuanzia Desemba hadi Machi, wakati ule ule wa joto kali, kwa hiyo upande wa kaskazini na kaskazini mashariki wa nyumba ndio unaotakiwa kubaki wazi unapouhitaji upepo zaidi. Ajabu ni kwamba mara nyingi ndipo tunapoegesha kabati la nguo.

Kabla ya kuhamisha ukuta au kupanga fanicha, choma udi. Weka chetezo katikati ya chumba, fungua madirisha na mlango kama unavyofungua siku zote, kisha kaa utazame moshi. Ukienda moja kwa moja kwenye dirisha la pili, chumba kinapumua. Ukipanda na kuzunguka tu chini ya dari, hewa imeziba, na hakuna pambo litakalokifanya chumba hicho kikalike mwezi Januari. Rudia alasiri, kwa sababu upepo wa bahari hushika nguvu mchana jua likiwa limeshaipasha nchi kavu.

Kuna jambo moja la madirisha ambalo hulipiwa na wengi bila kulijua. Dirisha la aluminiamu la kusukuma lenye vioo viwili hufunguka nusu tu ya uwazi wake, kwa sababu kioo kimoja lazima kiwe nyuma ya kingine. Dirisha la mbao la milango miwili hufunguka lote. Kwa hiyo anayeng'oa dirisha la mbao la mita moja na nusu na kuweka la kusukuma la ukubwa ule ule amekata njia ya hewa kwa nusu, na wavu wa mbu unapunguza tena. Aluminiamu ina sifa zake, haitafunwi na mchwa na haishiki kutu kirahisi. Ukiitaka, omba ya kufunguka kwa bawaba, au panua uwazi. Jambo hili liamuliwe kabla ya kutoa oda, maana baada ya hapo ukuta umeshapigwa lipu na fundi wa vioo ameshalipwa.

Maji yaliyomo ukutani

Nikiulizwa ni kosa gani linalokula fedha nyingi kwenye ukarabati wa ndani pwani ya kusini, nitasema ni kupaka rangi kwenye ukuta wenye maji. Shangani, Mikindani, Mtanda, Ndoro, popote karibu na bahari, utaukuta ukuta wa namna hiyo: rangi imevimba kama malengelenge kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, chini yake kuna unga mweupe, na ukikwaruza kwa kidole lipu inamwagika. Mwenye nyumba amekwisha kupaka mara tatu na kila mara amelaumu kampuni ya rangi.

Unga ule ni chumvi. Maji yanapopanda kutoka ardhini kupitia msingi usiokuwa na nailoni ya kuzuia unyevu, huyeyusha chumvi iliyomo kwenye udongo, kwenye tofali, na zaidi kwenye mchanga wa bahari kama ndio uliotumika kufyatulia tofali au kupigia lipu. Maji yakifika uso wa ukuta hukauka, chumvi inabaki, inajikusanya kuwa fuwele, na fuwele zikikua zinaisukuma rangi na lipu. Mbaya zaidi, chumvi ya bahari huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo ukuta hubaki na ubichi hata siku ambayo mvua haikunyesha.

Kwa hiyo swali la "nipake rangi gani" linatanguliwa na "maji haya yanatoka wapi". Mahali doa lilipo panasaidia kujibu. Likianzia sakafuni na kuishia usawa wa goti au kiuno, maji yanatoka ardhini. Likianzia juu, pembeni mwa dari, tazama bati, misumari na mfereji. Likiwa katikati ya ukuta unaopakana na bafu, ni bomba au marumaru zilizoachia. Ukibaki na shaka, chukua karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne isipitishe hewa, iache usiku na mchana wake. Ukikuta matone kwa ndani, upande ulioelekea ukuta, maji yamo ukutani. Ukikuta unyevu upande wa nje tu, ni hewa ya chumba, na dawa yake ni upepo.

Ukishaziba chanzo, kwangua rangi mbovu na lipu iliyokufa, na unga wa chumvi uufagie kwa brashi kavu. Usiuoshe kwa maji. Maji huiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Kisha uache ukuta ukauke, na hili ndilo linalowashinda wengi kwa sababu fundi yupo na siku yake inalipwa. Lipu mpya inahitaji takribani wiki nne kabla ya kupakwa rangi, na msimu wa mvua inahitaji zaidi. Kuta zenye historia ya chumvi usizipake rangi ya mafuta, hata kama unapenda ule mtindo wa mafuta chini na maji juu unaorahisisha kufuta alama za mikono ya watoto. Rangi ya mafuta huziba njia ya maji kutoka, nayo yakikosa njia hujitengenezea.

Kwenye nyumba za kale za Mikindani, na nyingine za Lindi na Kilwa, jambo hili lina uzito wa pekee. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na ziliundwa ziweze kunywa maji na kuyatoa. Chokaa ni laini na inapumua. Saruji ni ngumu na haipumui vizuri. Ukiipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, kwa mwaka mmoja au miwili utaonekana mnyoofu na wa kisasa, kisha maji yaliyofungiwa nyuma yataanza kula mawe yenyewe na lipu itabanduka kwa mapande. Ukuta wa chokaa unarekebishwa kwa chokaa na kupakwa chokaa, tabaka jembamba juu ya jembamba. Weupe wake haufanani na wa kopo: una mawimbi kidogo, na mwanga wa jioni unaupokea vizuri kuliko rangi yoyote ya dukani niijuayo. Aliyerithi nyumba ya namna hiyo amerithi kitu cha thamani, naomba asiharakishe kukifanya kifanane na nyumba mpya, na kabla ya kubomoa chochote aulize halmashauri.

Nyumba hizo pia zimeshaamua upana wa vyumba. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazifiki mbali, kwa kawaida mita mbili na nusu hadi tatu. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Jambo hilo ni la tangu zamani: vyumba vingi vya Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 kule Kilwa Kisiwani, magofu yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, vina umbo hilo hilo. Chumba cha mita mbili na nusu hakitaki makochi yanayotazamana. Kinataka viti vya upande mmoja, au baraza la kujengea ukutani lenye magodoro, na njia iliyo wazi upande wa pili.

Sasa kalenda. Fedha ya korosho na mvua huja karibu pamoja, kwa kuwa mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kumalizika karibu Mei. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote wa kupiga lipu na kupaka. Ushauri wangu ni kuutumia msimu wa mvua kuchunguza. Mwezi Machi na Aprili, mvua zikiwa zimekolea, pita na chaki uzungushie kila doa lenye maji, andika tarehe pembeni. Ukiangalia Julai utaona alama zako na utajua pa kuanzia, maana ukuta ukishakauka hausemi tena. Kazi za majimaji zifanyike kati ya Juni na Oktoba. Fedha isiyoweza kusubiri inunue vitu visivyoharibika: marumaru, nyaya, mabomba, mbao zitakazokauka stoo kwa miezi kadhaa. Saruji isinunuliwe mapema, kwa sababu hewa ya unyevunyevu huipunguzia nguvu ikikaa zaidi ya miezi mitatu.

Kinachopakwa mapema huchaguliwa mwisho

Baada ya jua, upepo na maji, yanabaki maamuzi ambayo kweli ni yako. Yapange kwa ugumu wa kuyarudisha nyuma. Nyaya na mabomba yanayofukiwa ukutani ni magumu, kwa hiyo yaanze. Sakafu inafuata. Kabati za kujengea zinafuata. Vitambaa vya makochi na mapazia vinafuata. Rangi ya ukuta iwe ya mwisho kuchaguliwa, ingawa itapakwa kabla pazia halijaning'inizwa.

Sababu yake ni ndogo na ina nguvu sana. Rangi ya kuchanganya kwa mashine inapatikana kwa mamia ya aina, na kivuli chochote unachokitaka, yaani ukolezo wowote wa rangi, kinaweza kutafutwa. Marumaru zilizoko madukani Mtwara mwezi huu zinaweza kuwa za aina kumi na tano, na kitambaa ulichokipenda kimoja tu. Anayechagua rangi kwanza hujikuta anazunguka mji mzima akitafuta marumaru za kufanana nayo, hazipo, anachukua zinazokaribia, na kukaribia huko ndiko kunakomkera kila siku. Anayebeba kipande cha marumaru na kipande cha kitambaa hadi dukani kwa mchanganya rangi anamaliza siku hiyo hiyo.

Kuhusu sakafu nitasema machache tu. Mji wetu ni wa mchanga, na mchanga unaingia na miguu. Marumaru nyeupe zinazong'aa zitaonyesha kila chembe na zitachubuka kwenye njia kuu. Zile zenye rangi ya mchanga au kijivu chenye madoadoa, zisizong'aa sana, zinasamehe. Bafuni na mlango wa uani chukua zenye ukwaruzo, maana mguu wenye maji juu ya marumaru laini umevunja nyonga za wazee wengi. Na nunua zote kwa mara moja, ukitazama namba ya toleo kwenye kila boksi, kwa sababu zilizotengenezwa siku tofauti hupishana kivuli. Kwa chumba cha futi 12 kwa 14, eneo ni kama mita za mraba 15.6. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa zitakazokatwa na kuvunjika, unapata 17.2, sawa na marumaru 108 za sentimita 40 kwa 40.

Vitu vya chuma na mbao navyo vina hewa ya chumvi ya kukabiliana nayo. Bawaba na vitasa vya chuma kilichopakwa tabaka la kung'aa hushika madoa ya kutu ndani ya mwaka kwenye nyumba za karibu na ufuo. Shaba au chuma cha pua ni ghali siku ya kununua na rahisi miaka inayofuata. Kabati za mbao za kubandikwa, zile za unga wa mbao na gundi, huvimba chini zikiguswa na maji ya kudekia. Mninga na mkongo bado vinapatikana kusini, na fundi seremala wa mtaani aliyepewa mbao kavu na vipimo sahihi atakutengenezea kabati litakalokaa muda mrefu kuliko la boksi. Dai mbao zenye kibali, na kataa sehemu nyeupe ya gogo, maana mchwa huanzia hapo.

Nyaya: chora fanicha kwa chaki sakafuni kwanza, kisha weka alama za soketi ukutani. Ukifanya kinyume, soketi itaishia nyuma ya kitanda na feni itafungwa pasipo na mtu. Kama unashusha dari kwa jipsamu, pima usawa wa mapanga ya feni hadi sakafu, yasiwe chini ya mita 2.1, na hakikisha bati halivuji kabisa, kwani jipsamu ikinywa maji inapinda na doa lake halifichiki.

Pima watu, kisha pima kochi

Sebule ya Mtwara ina kazi mbili. Siku za kawaida ni ya watu watano na televisheni. Siku ya hitima, maulidi, msiba, au siku ya kumtoa mwali, ni ya watu thelathini juu ya mikeka. Duka la fanicha linakuuzia kazi ya kwanza tu. Kochi la watu watatu lina urefu wa takribani mita mbili na kina cha sentimita 90. Kwenye chumba kile cha futi 12 kwa 14, ukiweka makochi mawili yanayotazamana kwenye upana wa mita 3.66, katikati inabaki mita 1.86. Meza ya kioo ya sentimita 80 ikiingia, kila upande unabakiwa na sentimita 53. Goti linapita, lakini mama aliyebeba sinia la pilau hapiti vizuri. Na siku ya shughuli, seti nzima lazima ibebwe na vijana hadi kwa jirani, ikikwaruza mlango na kurudi na mguu uliolegea.

Jaribio lake halina gharama. Kanga moja ni takribani mita moja na nusu kwa mita moja. Tandika kanga mbili zikipandana kidogo, zikunje hadi zifikie kipimo cha kochi, uziache sakafuni siku mbili, watu wa nyumba wapite kama kochi lipo. Watoto watakwambia ukweli mapema, kwa kuzikanyaga. Njia ya kupitia iachie sentimita 90. Ukiona kanga zinakanyagwa kila mara mahali pamoja, hapo si pa kochi. Mimi napendelea makochi mepesi, ya mbao na mito inayotoka, ambayo watu wawili wanayainua.

Jikoni napo tupime tunavyopika. Picha zinaonyesha kabati kuanzia ukuta hadi ukuta, na katikati kisiwa cha mawe. Jiko letu lina mwanamke aliyeketi kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi, na yeye anahitaji mita moja ya sakafu iliyo wazi yenye mwanga. Kuna kinu. Kuna ungo wa kupepetea mchele. Ukizikosesha shughuli hizo nafasi, zitahamia kwenye kibaraza cha nyuma na jiko jipya litabaki la kuonyeshea wageni. Meza ya kukatia iwe chini ya kiwiko cha mpikaji kwa sentimita 10 hadi 15. Mpime yule anayepika hasa.

Rangi yenyewe

Sasa tumefika kwenye kile ambacho wengi huanzia. Kadi ya rangi ya dukani ina ukubwa wa sanduku la kiberiti, na unaitazama chini ya taa nyeupe za duka. Ukutani rangi ile ile itaonekana kali zaidi, kwa sababu kuta nne zinarushiana rangi. Ukiwa kati ya vivuli viwili, chukua kilichopoa.

Nunua kopo dogo, paka tabaka mbili kwenye ubao mwembamba wa nusu mita kwa nusu mita, acha mpaka mweupe pembeni ili rangi ya zamani ya ukuta isikudanganye. Usipake moja kwa moja ukutani. Ubao unahamishika: uweke kando ya dirisha, kisha kona ya giza, kisha nyuma ya mahali pa kochi. Utazame saa mbili asubuhi, saa saba mchana, magharibi inapoingia, na usiku taa ikiwaka. Mwembe ulio nje ya dirisha hurusha kijani ndani ya chumba, na ardhi nyekundu ya Newala hurusha wekundu. Rangi ya krimu iliyopendeza dukani inaweza kugeuka kuwa ya manjano kabisa chini ya balbu zenu.

Balbu zenyewe ziamuliwe kabla ya rangi. Kwenye boksi la LED kuna namba ya kelvini. 6500 ni mwanga mweupe unaoelekea bluu, ndio unaouzwa kwa wingi, unafaa jikoni na mahali pa kusomea. 2700 hadi 3000 ni mwanga wa manjano laini, unafaa sebuleni na chumbani. Ubao wa rangi ukitazamwa chini ya balbu zisizo sahihi, jaribio lote limepotea.

Hesabu ya rangi ni rahisi na inaokoa ugomvi. Chumba cha futi 12 kwa 14 chenye kimo cha mita tatu kina kuta za mita za mraba 47.6. Toa mlango na madirisha mawili ya kawaida, inabaki kama 42. Tabaka mbili ni 84. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takribani mita 10 za mraba kwenye ukuta uliolainishwa, kwa hiyo unahitaji lita 8.4. Makopo mawili ya lita nne yatakuacha ukiwa na kipande kimoja hakijamalizwa, na kopo la tatu likichanganywa siku nyingine linaweza kupishana kivuli. Kama vyumba viwili vinapata rangi moja, ndoo ya lita 20 inavitosha vyote na chenji inabaki. Lipu mpya hunywa zaidi, hivyo ipakwe praima kwanza, yaani rangi ya kuandalia ukuta.

Yote haya yaandikwe kwenye daftari moja kabla fundi hajaingia, chumba kwa chumba: soketi ngapi na wapi, marumaru gani, balbu gani, namba ya rangi. Fundi akiuliza, "Mama, hapa tunapaka nini?", jibu lipo kwenye daftari, halitungwi mlangoni. Na daftari hilo lisomwe na wote wenye sauti ndani ya nyumba kabla ya kununua chochote. Mama mkwe akiwa na neno lake kuhusu sebule, alitoe wakati chaki bado inafutika. Tenga pia sehemu moja ya kumi ya bajeti, usiipangie kazi, kwa sababu ukuta ukichimbwa huwa na lake la kusema.

Rangi ikishapakwa, shaka itakujia. Chumba kitupu chenye mwangwi, chenye harufu ya rangi, bila mapazia wala mkeka, huifanya rangi yoyote ionekane kali. Usimwite fundi arudie. Rudisha vitu vyote, funga mapazia na balbu ulizochagua, ukae nacho mwezi mmoja. Kama bado inakukera, badilisha ukuta mmoja, ule unaoutazama ukiwa umeketi, ukianza tena na ubao. Marumaru kumi zilizobaki zihifadhi stoo zikiwa kwenye boksi lake, na namba ya rangi iandike kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa kabati, pamoja na tarehe.